Majibu Sitini na Moja ya Darasa la Takwimu

Mimi na Wembe tulikaa ofisi moja kwa miaka tisa. Meza yake ilikuwa dirishani, yangu mlangoni, na kati yetu kulikuwa na kabati la chuma ambalo droo yake ya tatu iligoma kufunguka tangu siku niliyohamia. Mimi nafundisha sosholojia. Yeye alifundisha takwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kitivo chetu, wengi wao wauguzi na maofisa ustawi wa jamii waliorudi shuleni wakiwa tayari na kazi na watoto.

Jina la Wembe alipewa na wanafunzi. Alilijua, na nathubutu kusema alilipenda.

Alikuwa anajua kufundisha, tusimnyime haki yake. Aliingia ukumbini bila karatasi, akaanza kuuliza watu namba za viatu vyao, na baada ya dakika kumi darasa zima lilikuwa limeelewa wastani ni nini bila kugundua kwamba limefundishwa. Ukumbi wake ulijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi za katikati. Lakini ukikosea, ole wako. "Hebu simama tukuone vizuri," angesema, "maana kosa kama hilo halipatikani kila siku." Ukumbi ungeangua kicheko. "Kaa sasa, mpenzi. Pumzisha ubongo, haujazoea safari."

Akirudi ofisini alinisimulia, nami nilicheka. Nilicheka kwa miaka tisa.

Mwaka ule chuo kilileta masomo mseto. Wiki moja watu wanakuja darasani, wiki inayofuata kila mmoja anabaki na video na mazoezi mtandaoni, anasoma kwa wakati wake. Wanafunzi waliyaita "nusu-nusu". Wahadhiri tulinung'unika. Kazi ilikuwa imeongezeka maradufu, mishahara ikabaki palepale, na hatukujua kama hizo video kuna anayezitazama. Aliyenung'unika kuliko wote ni Wembe.

"Nikifundisha lazima nione macho ya mtu," alisema. "Nitajuaje kama ameelewa? Nimuulize betri?"

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo ya zamani ya karatasi, kuta zimebandikwa sponji ili sauti isigonge. Siku ya kwanza nilimsindikiza. Alikaa mbele ya kamera, akatoa mfano wake wa viatu, akangoja. Akangoja tena.

"Haniitikii huyu," alimwambia fundi wa video.

"Mwalimu, hiyo ni kamera."

"Najua ni kamera, baba. Ndiyo shida yenyewe."

Alirekodi video kumi na nne kwa kulazimishwa, uso ameukunja. Ila nilipozitazama nilishangaa. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumchezea shere, alieleza taratibu. Alirudia. Alisema, "Kama hapo hujanipata, si kitu, rudi nyuma kidogo." Sikuwahi kumsikia akisema "si kitu" ukumbini hata mara moja.

Katikati ya muhula, kitivo kikataka kujua watu wanaonaje, wahadhiri na wanafunzi. Wembe akajitolea kufanya utafiti huo kabla hajaombwa. "Nitawaletea namba," alitangaza kwenye chumba cha wahadhiri, kikombe cha chai mkononi. "Namba hazina mjomba, hazipendelei mtu." Nia yake ilikuwa wazi. Alitaka masomo mseto yafe, na yafe kwa takwimu.

Aliandika dodoso la maswali kumi na mawili, likatumwa kwenye simu za watu. Hakuna aliyetakiwa kuandika jina. Swali la mwisho lilikuwa na nafasi tupu: "Una lingine la kutuambia?"

Wahadhiri walijibu kama alivyotegemea: wengi walitaka kurudi darasani. Wanafunzi mia tatu na kumi na wawili walijibu, na wao waligawanyika. Wengine walisema mtandao unakatika, nyumbani hakuna utulivu, simu ni moja na wanaogombania ni watatu. Wengine walisema bila video wasingeweza kusoma na kufanya kazi. Kwa jumla, darasa lilishinda kidogo.

Isipokuwa somo moja. Katika takwimu, wanafunzi themanini na wanne walijibu, na sitini na mmoja kati yao walisema wanapenda video kuliko darasa.

"Umeona, kaka?" aliniambia akijizungusha kwenye kiti. "Hata kitu nisichokipenda nakifanya vizuri."

Kisha akafungua majibu ya swali la mwisho. Nilikuwa nasahihisha insha zangu. Nilisikia akicheka kidogo, kisha akanyamaza. Nikainua macho. Shingo yake ilikuwa imeinama mbele kama mtu anayesoma maandishi madogo sana, ingawa maandishi yalikuwa ya kawaida. Akasimama, akatoka, akaacha mlango wazi na kompyuta wazi.

Sikupaswa kusoma. Nilisoma.

"Kwenye video nikikosea, nakosea peke yangu."

"Kwenye video mwalimu ni mtu mwingine. Ana subira."

"Video ina kitufe cha kumnyamazisha."

"Nilikuwa napenda hesabu."

Yaliendelea hivyo. Moja lilikuwa refu kuliko yote. Aliyeliandika alisema yeye ni muuguzi, ana watoto wawili, na siku moja alikuja darasani moja kwa moja kutoka zamu iliyochukua saa kumi na mbili. Aliulizwa tofauti ya wastani na namba ya kati, akajichanganya. "Ulinisimamisha ukaniuliza kama nimekuja chuoni kujifunza au kupumzisha miguu. Watu walicheka sana. Na wewe ulicheka. Tangu siku ile sijaingia ukumbini. Nyumbani sijasema, wanajua nakuja darasani. Nakaa nje, kwenye ngazi za nyuma ya jengo, naweka visikilizi masikioni nasikiliza video zako, na huko juu nasikia unafundisha wenzangu. Video naielewa. Naomba msizifute."

Niliikumbuka siku hiyo. Wembe alinisimulia hapohapo ofisini, habari ya kupumzisha miguu, nami nilicheka mpaka nikajifuta machozi.

Nilirudi mezani kwangu kabla hajaingia. Aliporudi uso wake ulikuwa umeoshwa, maji bado yako kwenye nywele za juu ya paji la uso. Alikaa, akaifunga kompyuta. Nami niliinamia insha zangu.

Wiki iliyofuata alinipa ripoti niipitie lugha, kama tulivyozoea. Kurasa ishirini na mbili. Somo la takwimu halikuwa na jedwali lake, limechanganywa na masomo mengine matano mpaka likayeyuka. Maoni ya swali la mwisho yalikuwemo, ya mtandao, ya simu, ya utulivu wa nyumbani. Yale niliyoyasoma hayakuwemo hata moja. Chini kabisa kulikuwa na sentensi: "Baadhi ya maoni yameachwa kwa kuwa hayahusiani na mada."

Nilirekebisha koma na nukta, nikamrudishia.

"Iko sawa?" aliuliza.

"Iko sawa," nikasema. Hakunitazama na mimi sikumtazama.

Mkuu wa kitivo ni mtu asiyependa mambo marefu. Kwenye mkutano alisoma hitimisho tu: wengi, walimu kwa wanafunzi, wanapendelea ana kwa ana. Tulipiga makofi. Ikaamuliwa kwamba baada ya mapumziko mafupi ya muhula video zitafungwa, na kila mtu arudi ukumbini. Wembe alipongezwa kwa kazi nzuri. Aliinamisha kichwa, na aliyekuwa hajui angedhani ni unyenyekevu.

Tangazo likabandikwa. Siku tatu baadaye, Jumanne karibu na saa saba mchana, mtu akabisha hodi ofisini kwetu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sweta limefungwa vifungo vyote juu ya sare ya kazi. Mkononi alikuwa na fomu.

"Karibu," alisema Wembe. "Nikusaidie nini?"

"Naomba sahihi tu, mwalimu. Hapa chini."

Ilikuwa fomu ya kuacha somo. Kwenye sababu alikuwa ameandika "ratiba ya kazi". Wembe aliishika kwa mikono miwili. Alikuwa amemtambua. Nami pia nilikuwa nimejua ni nani, ingawa sikuwahi kumwona.

"Bado wiki sita tu umalize. Unaacha?"

"Video zinafungwa, mwalimu. Darasani siwezi."

"Zamu zinagongana?"

"Nyingine zinagongana." Alishika kifungo cha juu cha sweta. "Nyingine hazigongani."

Nilijifanya naandika. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kibodi, havibonyezi kitu.

"Lile dodoso nililijaza," muuguzi akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. "Niliandika mengi mpaka baadaye nikaona haya. Nilipoona tangazo nikajua hayakufika. Simu yangu hii mara nyingine inagoma kutuma."

Alikuwa anamfungulia mlango bila kujua. Wembe angesema, labda, simu hizi zina matatizo. Angesaini, na mambo yangeishia hapo. Nilimwona akifumbua mdomo, akaufumba, akaufumbua tena.

"Yalifika," alisema.

"Yalifika?"

"Yalifika. Nikayatoa kwenye ripoti. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Muuguzi alinigeukia, kama mtu anayetafuta shahidi kwamba amesikia vizuri. Nililitazama lile kabati la chuma. Mtu mzima, mhadhiri, nina shahada tatu, nikatazama kabati.

"Basi naomba sahihi," alisema. "Nina zamu saa nane."

"Niachie mpaka Alhamisi."

"Alhamisi kutabadilika nini?"

"Sijui. Niachie tu."

Aliiacha. Hakuiacha kwa kukubali. Aliiacha kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda na hakuwa na nafasi ya kusimama pale akibishana na mwalimu wake.

Yaliyotokea nyumbani kwa Wembe jioni ile alinieleza mwenyewe baadaye. Wembe aliishi na dada yake mkubwa, mjane, aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote kabla ya kustaafu. Alimkuta anakunja nguo sebuleni, shuka na mataulo yamejaa kochi. Akamwambia yote akiwa amesimama, mkoba bado begani: ukumbi, kicheko, dodoso, fomu. Alitegemea dada ataweka nguo chini. Dada aliendelea kukunja.

"Unaniambia mimi ili iweje?" dada aliuliza.

"Sijui. Ninaona aibu, dada. Natembea, naona kama watu wote wameshanisoma."

"Si mimi niliyesimamishwa. Na si mimi niliyedanganywa." Alimpa ncha mbili za shuka. "Shika huku, vuta. Ukishamaliza kunisaidia hapa, kamwambie anayehusika."

Walikunja shuka lile na mengine manne. Kabla ya kulala alimwandikia mkuu wa kitivo barua fupi, akaomba dakika kumi kwenye mkutano wa Alhamisi.

Siku hiyo tulikuwa wahadhiri arobaini na zaidi, na wawakilishi wawili wa wanafunzi wamekaa nyuma. Wembe alisimama na karatasi, yeye ambaye hakuwahi kushika karatasi mbele ya watu. Alisema ripoti aliyoileta ilikuwa na uongo. Alieleza jinsi alivyolificha jedwali la somo lake. Kisha akasoma yale majibu, moja baada ya jingine, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua.

Alipofika "video ina kitufe cha kumnyamazisha", mtu akacheka. Kisha wengine. Kicheko kilitembea kutoka safu ya mbele mpaka nyuma. Wembe alisimama katikati ya kicheko hicho, masikio yamemwiva, akangoja kiishe. Hakujaribu kucheka nao. Kilipoisha akaendelea na jibu lililofuata, na alipofika kwenye lile refu la muuguzi alilisoma lote, mpaka ngazi za nyuma, mpaka "naomba msizifute". Hapo hakuna aliyecheka.

Mkuu wa kitivo alivua miwani. "Kuna mwingine aliyejua?"

"Hakuna," alisema Wembe haraka. "Ni mimi peke yangu."

Alikuwa ananisitiri. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, na ningeweza kusimama. Ni jambo dogo kabisa, kusimama. Magoti yapo, kiti kinasogea. Sikusimama. Wiki tatu baadaye, jambo limeshapoa, nilikwenda kwa mkuu wa kitivo nikamwambia nami nilijua. Akasema "sawa" bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Nadhani angenikemea ningejisikia nafuu.

Wembe alipewa barua ya onyo na akazuiwa kufanya utafiti kwa miaka miwili. Utafiti ukarudiwa na watu wa kitivo kingine. Matokeo hayakuwa ya kumfurahisha mtu yeyote kikamilifu: walimu bado walitaka darasa na malipo ya kazi ya ziada, wanafunzi walitaka vyote viwili na mtandao usiokatika. Lakini video hazikufungwa. Wiki moja huku, wiki moja kule, kama mwanzo. Ile fomu Wembe hakuisaini, na muuguzi hakuifuata.

Ningetamani niishie hapo, maana hapo angalau mwenzangu anaonekana amejikwamua. Ila baada ya mtihani, muuguzi alikuja tena. Safari hii hakutaka kukaa, na mlango aliuacha wazi kidogo nyuma yake.

Wembe alisimama. Alikuwa ameyaandaa maneno yake kwa wiki kadhaa, najua, nilimsikia akiyanong'ona akidhani nimetoka. "Nilitaka kukuomba msamaha," alianza. "Siku ile ukumbini..."

"Nilisikia uliomba," alisema muuguzi. "Niliambiwa. Chuo kizima kiliambiwa."

"Nilitaka kila mtu ajue kwamba kosa ni langu."

"Wamejua, mwalimu. Na mimi wamenijua. Nikipita korido wananiuliza, wewe ndiye yule wa ngazi za nyuma? Kazini kwetu wako wanaosoma hapa. Habari imefika wodini. Imefika nyumbani. Mume wangu aliniuliza muhula mzima nilikuwa nakwenda wapi." Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo. "Niliandika pale kwa kuwa mlisema hakuna jina. Ulipoyatoa uliniumiza. Ulipoyasoma mbele ya watu hukuniuliza pia."

Wembe alikuwa ameshika kiti kwa nyuma. Nimemwona mtu yule mbele ya kumbi zilizojaa, mbele ya wakaguzi, mbele ya mkuu wa chuo. Sijawahi kumwona akitafuta kitu cha kushika.

"Sikukuuliza," alisema. "Ni kweli. Sikufikiria hata."

"Ndiyo." Muuguzi aliweka mkoba wake begani vizuri. "Nilikuja kukuambia hilo tu. Na video ya tisa ina kosa dakika ya sita, uliandika namba mbili mara mbili. Irekebishe, wanaokuja watachanganyikiwa."

Akaondoka. Wembe alikaa, akafungua video ya tisa, akaitafuta dakika ya sita. Kosa lilikuwepo. Alilia akiwa anairekebisha, bila kujificha, nami safari hii nilisimama nikaenda kufunga mlango, jambo pekee la maana nililofanya katika habari hii yote.

Bado anafundisha. Ukumbini hamsimamishi mtu. Wakati mwingine anaanza sentensi, unaona kabisa mzaha umefika kwenye ulimi, na anaumeza na kuuliza swali jingine. Wanafunzi wa zamani wanasema amepoa, ukumbi haujai kama awali, na yeye hilo linamuuma, hafichi. Mimi sijui kama amekuwa mwalimu bora. Amekuwa mwalimu anayeuliza, "Nikuulize, au nimuulize mwingine?" na akijibiwa "mwingine", anakwenda kwa mwingine.

Kabla sijaandika haya nilimtafuta muuguzi. Nilimkuta nje ya wodi yake, anakula chungwa akiwa amesimama, dakika zake za mapumziko zikienda. Nilimwambia mimi ni yule wa meza ya mlangoni, kwamba siku ile niliangalia kabati, na kwamba nataka kuisimulia habari hii. Nikamwomba ruhusa. Alitafuna akinitazama.

"Utasema nilifukuzwa ukumbini na kicheko?"

"Ukikataa sitasema."

"Sema," alisema, akitema mbegu kiganjani. "Lakini uandike pia kwamba nilifaulu. Na alama uziandike. Sabini na nane."

Sabini na nane. Nimeandika.